Kabla ya Kuuza Ng'ombe, Tuulize Chuo Maswali

  

Majuma mawili yaliyopita, katika kikao cha AVEC yetu, tulikuwa tumekwisha kuhesabu pesa na sanduku lilikuwa karibu kufungwa. Mama mmoja akasimama. Binti yake amepata diplome ya Leta. Matokeo yaliingia kwa telefoni, majirani wakapiga vigelegele, mtoto akamwagiwa poda nyeupe kichwani kama tunavyofanya siku zote. Sasa mama anaomba mkopo, kusudi binti aende kwenye masomo ya juu. Nyumbani wamebaki na ng'ombe wawili tu, wengine walichukuliwa katika vurugu. Baba amekubali kuuza mmoja, lakini pesa hiyo haitoshi.

Tulikuwa tayari kusema ndiyo. Ndipo mama mzee mmoja akainua mkono. Yeye hajui kusoma, lakini ndiye anayeshika ufunguo mmoja kati ya tatu za sanduku letu. Akauliza: «Huyo mjukuu wangu akimaliza masomo, atakuwa anajua kufanya nini?»

Mama wa binti akajibu: «Atakuwa na diplome, mama.»

Mama mzee akasema: «Diplome nimesikia. Ninauliza mikono yake itajua kufanya nini.»

Hakuna aliyejibu. Kila mmoja wetu anamjua kijana mwenye diplome anayeshinda nyumbani, na wengine wetu ndio waliomzaa. Tukakubaliana mkopo usubiri hadi kikao cha pili, na mimi nikaombwa kuandika juu ya jambo hili. Basi leo ninaandika.

Swali ambalo mimi sikuuliza

Nianze na nyumba yangu, ili mtu asifikiri ninawafundisha wengine nikiwa juu ya mlima.

Mtoto wangu wa kwanza alipomaliza sekondari, tuliuza ng'ombe. Mwenye kumnunua alikaa kwetu siku mbili. Alimfungua mdomo akaangalia meno, akamtembeza, akauliza amezaa mara ngapi, anatoa maziwa kiasi gani. Nami nilibishana naye bei mpaka jioni. Lakini chuo kilichokuja kula pesa ile yote sikukiuliza hata neno moja. Niliona kibao barabarani, nikaona vijana wamevaa vizuri, nikatosheka.

Alisoma miaka mitano mambo ya usimamizi wa pesa na biashara. Alirudi na karatasi nzuri tukaifunga ndani ya plastiki. Siku moja shirika moja likatangaza kazi ya kuandika hesabu za bohari. Akaenda kwenye mtihani. Wakamkalisha mbele ya ordinateri, wakamwambia: panga orodha hii, fanya jumla, chapisha. Mtoto wangu akaangalia ile mashini kama mgeni. Kumbe somo la ordinateri walilifundishwa kwa chaki. Mwalimu alichora vidude vyake ubaoni, wao wakaviiga katika daftari, wakajibu maswali kwenye karatasi, wakapewa pointi. Mtoto wangu alikuwa amepata pointi 14 kwa 20 juu ya kitu ambacho hakijaguswa na vidole vyake.

Alilia usiku ule, na mimi nililia pia, maana nilikumbuka yule ng'ombe. Baadaye alijifunza ordinateri kwa kijana mmoja anayefanya fotokopi sokoni, kijana ambaye hakumaliza hata sekondari. Alikaa naye miezi mitatu, akimlipa kidogo kidogo. Leo anafanya kazi, Mungu asifiwe. Lakini kila mara ninajiuliza: kama ningeuliza mapema, je, miaka ile mitano ingetumika hivyo?

Kazi zimebadilika

Zamani wazee wetu walijua njia moja: mtoto asome, apate diplome, aingie kazi ya Leta, awe mwalimu, muganga au karani wa biro. Wenye diplome walikuwa wachache, na karatasi peke yake ilifungua mlango. Leo wenye diplome ni wengi sana. Walimu wanafundisha miaka na miaka wakingoja kuingizwa katika orodha ya mshahara wa Leta. Hapo ndipo tunaposema vijana hawana bahati. Lakini tukiangalia vizuri, kazi hazikuisha, zimebadilika sura.

Tuangalie hapa kwetu. Pesa inatumwa kwa telefoni. Katika Kongo M-Pesa ilianza mwaka 2012, nayo Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi hiyo hiyo. Mahali panapofika rezo, yuko kijana au mama mwenye meza ndogo anayepokea na kutoa pesa, naye lazima ajue hesabu, siri za wateja na kulinda pesa asitapeliwe. Umeme wa jua umefika mahali ambapo waya wa umeme haukufika: anahitajika mtu wa kuweka vibao juu ya nyumba na kutengeneza vinapokufa. Mashirika yanapokuja kuandika watu wa kusaidiwa, hawaandiki tena kwenye daftari, wanauliza maswali na kuingiza majibu katika telefoni kwa programu kama Kobo. Kijana asiyeweza kuitumia haitwi, hata kama diplome yake ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Hata kazi zetu za zamani zimegeuka. Hapa Minembwe, kwenye zaidi ya mita 2000 juu ya bahari, sisi ni watu wa ng'ombe, maziwa, maharage na viazi. Huko chini Fizi na Baraka ni samaki, mihogo na mafuta ya mawese. Ng'ombe anahitaji mtu anayejua chanjo na magonjwa. Jibini inahitaji mtu anayejua usafi, ili ifike sokoni bila kuharibika. Mama mwenye mawese anahitaji kujua gharama yake kabla ya kutaja bei. Hizi zote ni kazi za mtu aliyesoma, kama masomo yake yalimfikisha kwenye zizi, kwenye jiko na kwenye soko.

Na sasa kuna telefoni zinazojibu maswali na kuandika insha nzima kwa dakika moja, kile wanachokiita akili bandia. Tangu zamani tunajua kwamba wanafunzi wengine wanalipa watu karibu na mashini za fotokopi wawaandikie TFC. Sasa hata kulipa hawalipi, telefoni inaandika. Lakini wamama, fikirini: kama kazi ya mtoto wako inaweza kuandikwa yote na telefoni, tajiri atamwajiri kwa nini? Atakayehitajika ni yule anayeweza kusoma kilichoandikwa na telefoni na kusema: hapa imedanganya, hapa hapalingani na mambo ya kwetu.

Vyuo vinafanya nini?

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Kuna mambo mazuri yanayofanyika, na ni vizuri tuyajue ili tuyadai.

La kwanza ni mfumo wa LMD. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vilianza kuuingia. Zamani mtoto alisoma graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Sasa licence ni miaka mitatu, master ni miaka miwili, kisha doctorat. Masomo yanahesabiwa kwa krediti: 60 kwa mwaka, maana yake 180 kwa licence nzima. Na krediti haihesabu tu saa za kukaa mbele ya mwalimu. Inahesabu pia kazi anayofanya mwanafunzi mwenyewe: kutafuta, kusoma, kujaribu, staji. Shabaha yake ni kwamba mwalimu asisome silabusi mbele ya wanafunzi wakinakili hadi kengele ilie. Mtoto ajifunze kutafuta mwenyewe.

Huo ndio mpango. Lakini kubadilisha majina ya madarasa ni rahisi kuliko kubadilisha ufundishaji. Kuna mahali ambapo jina LMD limeandikwa mlangoni, lakini ndani ni silabusi ile ile, na anayekosa pesa ya kuinunua anaogopa kukosa pointi. Ndiyo sababu mzazi hatosheki na kibao.

La pili ni masomo yanayounganisha kitabu na mkono tangu mwanzo. Mfano tunaoujua wote ni wauguzi na wakunga. Mtoto katika shule ya uuguzi, iwe ITM ya sekondari au ISTM ya masomo ya juu, anakwenda staji hospitalini. Anakesha, anapima joto, anafunga vidonda, anasimama karibu na mama anayejifungua, na kuna mkubwa anayemtazama na kumsahihisha. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi ni mahali ambapo wanafunzi wa uganga wa Université Évangélique en Afrique wanajifunzia. Hakuna mtu anayekubali kupasuliwa na muganga aliyejifunza kwa chaki peke yake. Basi kwa nini tukubali mwenye hesabu, mkulima au fundi wa umeme ajifunze kwa chaki peke yake?

La tatu ni mafunzo mafupi ya kazi. Kongo ina INPP, shirika la Leta la kutayarisha watu kwa kazi, lililoanzishwa mwaka 1964, nalo liko hata Bukavu. Huko mtu anajifunza umakanika, umeme, ushonaji, ordinateri na kadhalika, kwa miezi, siyo kwa miaka mingi. Wengine wanaingia wakiwa na diplome zao mkononi. Wamama wengine wanaona aibu: mtoto wa iniversite arudi kujifunza kuchomelea vyuma? Aibu hiyo inatula. Kujua kazi ya pili si kushuka.

Na hapa juu, kuwa na Chuo Kikuu Eben-Ezer cha Minembwe kumewapa wazazi njia nyingine: mtoto anaweza kusoma bila kushuka hadi mjini, akiwa karibu na nyumbani na karibu na kazi za watu wetu. Lakini chuo cha karibu nacho tukiulize maswali yale yale, kwa heshima. Mtoto ni wetu na chuo ni chetu.

Muganga aliyerudi shuleni

Wengi wetu tunamjua Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Irak. Tunamtaja sana kwa ajili ya wamama aliowatibu. Leo ninataka tuangalie njia yake ya masomo.

Alisoma uganga Burundi, akiwa na nia ya kutibu watoto. Alipoanza kazi kwenye hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, aliona wamama wakifika wakiwa wamechelewa, wengine wakifa kwa sababu ya kuzaa. Kazi ikamwonyesha kwamba alichojifunza hakitoshi. Akarudi kusoma, akaenda Angers huko Ufaransa kujifunza uganga wa wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera. Mwaka 1996 vita vikaifikia Lemera, hospitali ikashambuliwa. Mwaka 1999 akaanza Panzi, akitaka wamama wazae salama. Lakini waliokuja mlangoni walikuwa na majeraha ya kubakwa, ugonjwa ambao hakuna mwalimu aliyekuwa amemwandaa kuukuta kwa wingi vile. Akalazimika kujifunza tena, na kufundisha wengine.

Hatuna haja watoto wetu wote wawe Mukwege. Lakini njia hii inatufundisha kitu kimoja. Hakuna chuo kinachoweza kumwambia mtoto leo kazi zote zitakazomkuta baada ya miaka kumi. Chuo kizuri kinampa mtoto msingi ulio imara, mikono iliyozoea kazi, na moyo usioona haya kurudi kujifunza. Mtoto mwenye hayo matatu, dunia ikigeuka, naye atajua kugeuka.

Na binti aliyezaa?

Kuna wamama watakaosema: mambo haya ni ya wenye bahati, binti yangu aliacha shule kwa sababu ya mimba. Kwenu ninyi ninaleta habari ya ng'ambo ya ziwa. Wengi wetu tumepita Kigoma, tumeishi Nyarugusu, tunaijua Tanzania. Huko kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, aliyevutwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden. Leo viko zaidi ya 50. Katika vyuo hivyo kuna mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho. Wasichana walioacha sekondari kwa sababu ya mimba au shida nyingine wanarudi, wanasoma masomo ya darasani pamoja na ufundi na biashara. Na mwenye mtoto anakuja naye: kuna mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama yao yuko darasani.

Wamama, jambo hilo halihitaji muujiza. Linahitaji chumba, mkeka, na mama mmoja anayeaminika wa kubaki na watoto. Hapa kwetu tuna vituo vya kushona na vya ufundi katika makanisa na mashirika. Kama kikundi kikienda kwa mkuu wa kituo na kusema, «Sisi tutaleta mlezi, ninyi tupeni chumba,» ni nani atakataa kutusikiliza?

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nimekaa na wamama wanne wenye watoto katika masomo ya juu, tukaandika maswali haya. Kateni karatasi hii, muiweke pamoja na kitambulisho cha mtoto.

Swali la kwanza: Chuo hiki na seksio hii vinatambuliwa na Leta? Omba kuona karatasi ya ruhusa. Kuna vyuo vinavyofungua milango bila ruhusa, na mtoto anakuja kujua wakati diplome yake inapokataliwa.

Swali la pili: Staji inafanyika wapi, kwa muda gani, na nani anamsimamia mwanafunzi huko? Ukijibiwa «mwanafunzi atajitafutia», jua kwamba kazi hiyo umeachiwa wewe. Anza kuitafuta mapema.

Swali la tatu: Vyombo viko wapi? Omba uvione kwa macho. Ordinateri ngapi kwa wanafunzi wangapi, na zinawaka? Kama ni kilimo, shamba liko wapi? Kama ni uuguzi, ni hospitali gani? Usione haya kwa sababu hukusoma. Hata asiyesoma anajua shamba lililolimwa na lililolala.

Swali la nne: Waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita wako wapi leo? Pata telefoni za watatu, uwaulize wewe mwenyewe. Wao watakuambia ambayo mkuu wa chuo hawezi kukuambia.

Swali la tano: Gharama yote ni kiasi gani, toka kuingia hadi kutoka? Siyo minervali peke yake. Uliza silabusi, karatasi za mtihani, staji, TFC na siku ya kuitetea, nyumba ya kupanga, chakula na safari. Ng'ombe wengi wameuzwa kwa mwaka wa kwanza, mtoto akakwama mwaka wa tatu. Na miaka mitatu bila diplome inauma kuliko kutokwenda.

Swali la sita ni kwa ajili ya mabinti, na tuliulize bila kunong'ona: Mwalimu akimtaka binti yangu kimwili ili ampe pointi, binti ataambia nani, na chuo kitafanya nini? Jambo hili linajulikana, lina hata majina ya mzaha kati ya wanafunzi, lakini halichekeshi. Mwambie binti yako kabla hajaondoka: «Mwanangu, ukirudi bila pointi kwa sababu ulikataa, nyumbani hutagombezwa.» Mabinti wengi wananyamaza kwa sababu wanaogopa hasira ya mzazi aliyeuza ng'ombe.

Na la mwisho ni kwa mtoto mwenyewe. Muulize: «Hata kama shirika halitakuja kukuajiri, kazi hii utaifanyia nani hapa kwetu?» Mtoto akiweza kujibu, hata kwa maneno machache, mna mahali pa kuanzia.

Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?

Kutayarisha mtoto kwa kazi hakuanzi chuoni. Shule ya msingi ya Leta haina malipo tangu mwaka 2019, lakini kuanzia sekondari mzigo ni wetu, basi tuutumie vizuri.

Kwanza, tusichague seksio kwa sababu ya jina lake. Mtoto wa sekondari anayependa mifugo apelekwe ufundi wa kilimo na mifugo, bila kuambiwa kwamba ni masomo ya walioshindwa.

Pili, tumpe kazi ya kweli nyumbani. Kijana anayesoma hesabu za biashara ashike daftari la AVEC wakati wa likizo. Tuna akiba, mikopo, riba, mfuko wa msaada, na mgawanyo mwisho wa mwaka. Hiyo ni benki ndogo, ni staji kamili mlangoni petu. Anayesoma mifugo aende na wachungaji. Anayesoma uuguzi asaidie siku ya kupima watoto uzito, kama kituo kinakubali. Tena mwisho tumwandikie karatasi ya ushuhuda, yenye sahihi ya prezidenti wa kikundi, inayosema alifanya nini na kwa muda gani. Waajiri wanaiangalia karatasi kama hiyo.

Tatu, telefoni. Sisi tunapiga kelele kwamba telefoni inaharibu watoto, na wakati mwingine ni kweli. Lakini ni telefoni hiyo hiyo anayoweza kuitumia kujifunza kuandika barua ya kuomba kazi, kupanga hesabu, au kusikiliza Kifaransa na Kiingereza vizuri. Tumuulize mtoto kila juma: telefoni imekufundisha nini? Na tumwombe atuonyeshe, siyo atuambie tu.

Nne, tuwahesabu mabinti sawa na wavulana. Katika nyumba nyingi, ng'ombe akiwa mmoja, anauzwa kwa ajili ya mvulana, na binti anaambiwa atasomeshwa na mume. Wengi wetu tuliosikia maneno hayo tungali tunangoja.

Kikao cha pili

Jumatano iliyopita tulikutana tena. Yule mama na binti yake walikuja wote wawili. Walikuwa wamekwenda na maswali katika mfuko. Binti alikuwa anataka kuingia chuo kimoja cha mjini kwa sababu rafiki zake wanakwenda huko. Alipopiga telefoni kwa watatu waliomaliza, wawili walimwambia bado wanatafuta kazi, tena hawakuona staji hata siku moja. Mama aliuliza chuo cha pili, cha ukunga. Huko walimwonyesha hospitali ambapo wanafunzi wanakesha, wakamwandikia gharama yote kwenye karatasi moja, hadi mwaka wa mwisho. Ni nyingi, lakini sasa inajulikana.

Binti akasimama mbele yetu, akasema kwa sauti ndogo kwamba alizaliwa njiani, mama yake akiwa amebebwa kwenye kitanda cha miti kupelekwa hospitalini, na kwamba kazi hii anaijua atamfanyia nani.

Tukamgeukia mama mzee. Akamwambia: «Nionyeshe mikono yako.» Binti akainyoosha. Mama mzee akaishika, akaiangalia pande zote mbili kama mtu anayenunua kitu cha thamani. Kisha akatoa ufunguo wake kifuani, akawapa wenzake ishara watoe funguo zao.

Tulikubaliana hivi: mkopo utatolewa kwa sehemu mbili, na kila likizo binti atakuja kushika daftari letu na kutufundisha dalili za hatari kwa mama mjamzito. Ng'ombe mmoja atauzwa. Wa pili atabaki.

Wamama, kuuliza si ujinga. Kama kikundi chenu kina swali la saba au la nane, tuleteeni, tutaliandika hapa ili wengine wafaidike. Na kama mnajua kijana aliyepata staji nzuri karibu na kwetu, tuambieni mahali, wengine wafuate njia.

Mubaki na amani. Tutaonana juma lijalo.